Imeundwa kwa Kufuata Ramani

Tangazo la kuuza ndege yangu lilikuwa na uongo mmoja. Kuhusu saa za injini nilisema kweli, kuhusu rangi iliyoanza kupauka nilisema kweli, hata mkwaruzo wa chini ya bawa la kushoto niliupiga picha nikauweka hadharani. Kisha nikamalizia: "Imeundwa kwa kufuata ramani." Nilipoyaandika maneno hayo nilijua si kweli. Nilijua pia kwamba daftari la ndege halina mstari hata mmoja wa kunisuta.

Nimechelewa kusema kwa sababu wakili alinifunga mdomo mpaka kesi iishe. Sasa imeisha. Kiasi nilicholipa sitakitaja, maana nilitia saini kwamba habari ya fedha haitatoka. Mengine hayakufungwa na saini yoyote.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, fundi wa mitambo, na kwa miaka mingi nimeishi Ohio, nikihudumia mashine za kiwanda usiku na kuota ndege mchana. Nchini Marekani ndoto hiyo haihitaji utajiri wa kutisha. Sheria inamruhusu mtu wa kawaida kuunda ndege yake gerejini, mradi sehemu kubwa ya kazi ifanywe na watu wanaojifunza au kujiburudisha, si karakana ya biashara. Waundaji huiita kanuni ya asilimia 51. Unaweza kuanza na ramani na mabati matupu, au ukanunua masanduku ya vipande vilivyokwisha kukatwa na kutobolewa, kama nilivyofanya mimi. Chama chao kikubwa, EAA, kilianzishwa na Paul Poberezny mwaka 1953, na kila Julai wanachama hukusanyika Oshkosh, Wisconsin, na ndege zao kwa maelfu. Nilikwenda kutazama tu. Nilirudi nimeshaweka oda.

Kazi ikikamilika anakuja mkaguzi wa mamlaka ya anga, FAA, au mtu aliyekabidhiwa madaraka hayo. Anaikagua, anakupa cheti cha ndege ya majaribio pamoja na karatasi ya masharti. Unairusha bila abiria katika eneo ulilopangiwa kwa saa 25, ikiwa injini na rafadha vimekwisha kuidhinishwa vifanye kazi pamoja, au 40 kama sivyo. Baada ya hapo unaruhusiwa kupakia mtu, ilimradi neno EXPERIMENTAL liwe limeandikwa kwa herufi kubwa pale anapopandia, na yeye awe ameambiwa kwamba chombo hiki hakikupimwa kwa viwango vya ndege za kawaida.

Halafu kuna kibao. Kila ndege lazima iwe na kibao cha chuma kisichoshika moto, chenye jina la mtengenezaji. Kwenye Cessna kibao kinasema Cessna. Kwenye yangu kilisema mimi, jina langu na la marehemu baba. Kampuni iliyoniuzia masanduku haikuwa mtengenezaji wa kitu chochote hapo. Jina lake lilionekana kama jina la aina ya ndege tu. Nilikipiga picha kibao hicho nikamtumia mama, akanirudishia dua ndefu. Sikuwaza kwamba nilikuwa nimejiandikisha kiwandani, kiwanda cha mtu mmoja kisicho na bima, wanasheria wala idara ya majaribio.

Sasa nije kwenye bomba lenyewe.

Nilijifunzia kuruka kwenye Cessna 172, ambayo mabawa yake yako juu ya kichwa cha rubani. Mafuta hushuka kwa uzito wake, na vali ya kuchagulia tenki ina nafasi ya kulia, ya kushoto, na ya yote mawili. Rubani huiweka kwenye yote mawili, akasahau. Ndege niliyoiunda ina mabawa chini. Mafuta hayashuki, yanavutwa na pampu, na kwa hiyo ramani inatoa kulia, kushoto na kufunga, basi. Kila baada ya nusu saa hivi rubani anahamisha vali ili matenki yapungue sawia. Kazi yenyewe ni ya sekunde mbili, ila inataka ukumbuke. Siku moja sikukumbuka. Injini ilikohoa juu ya mto, nikaruka kwenye kiti, nikageuza vali, ikashika tena. Nilishuka mikono ikitetemeka, na badala ya kununua saa ya kunikumbusha, nikaamua kuitibu ndege.

Nilikata mabomba mawili chini ya sakafu, nikayaunganisha kwa kiungo cha njia tatu, nikaondoa ile vali ya kuchagulia nikaweka nyingine yenye nafasi mbili: wazi na kufungwa. Kazi ilikuwa safi. Mtu yeyote wa karakana angeisifu. Lakini kwa ndege ya mabawa ya chini, nilichofanya ni sawa na kunywa madafu mawili kwa mirija miwili uliyoiweka mdomoni kwa pamoja. Dafu moja likikauka hupati nusu ya maji. Unavuta hewa, na lile lililojaa linabaki limejaa. Mwongozo wa kampuni ulikuwa na aya nzima inayoonya jambo hili. Niliisoma. Nikasema moyoni kwamba wameandika kwa ajili ya watu wasio mafundi.

Na kwa misimu kadhaa nilionekana niko sahihi. Nilijaza matenki yote mawili kabla ya kila safari, sikuwahi kushuka chini ya nusu, sikuwahi kukunja kona kwa fujo. Mfumo mbovu ulikuwa unalindwa na tabia yangu. Tabia hiyo sikuiuza pamoja na ndege.

Watu wengi wanaoijua habari hii juujuu hudhani kosa langu kisheria lilikuwa kubadilisha ramani. Hapana, na hapa naomba nieleweke vizuri, kwa sababu uhuru huu naupenda hadi leo. Zile kanuni zinazombana fundi wa ndege za kiwandani, kwamba kila badiliko liwe na michoro iliyoidhinishwa na saini ya mwenye leseni, kwa kawaida haziigusi ndege iliyoundwa nyumbani. Ningeweza kuhamisha mafuta, usukani, viti, chochote, bila kumwomba mtu ruhusa. Karatasi ya masharti ilidai kitu kidogo mno: badiliko likiwa kubwa, liandikwe daftarini, ofisi ya FAA iarifiwe, na ndege irudi kwenye majaribio bila abiria kwa angalau saa tano. Na badiliko dogo, kwa lugha ya kanuni, ni lile lisilogusa kwa kiasi cha maana uzito, mizani, nguvu, utegemevu au namna ndege inavyoendeshwa. Mimi nilikuwa nimebadilisha namna rubani anavyolisha injini yake. Nikajiambia ni dogo. Nilikuwa nawaza hivyo kwa sababu nililifanya Jumamosi moja.

Wala si kwamba nilisahau kuandika. Niliacha kuandika. Nilijua kwamba siku ya kuuza, mstari ule ungezua maswali, na maswali yangeshusha bei.

Kisha kila mwaka nikaongeza saini juu ya ukimya. FAA humpa muundaji mkuu cheti cha ufundi cha kuikagua ndege yake hiyo moja, na ukaguzi wa kila miezi 12 humalizika kwa tamko kwamba ndege imekaguliwa na iko katika hali ya kuruka salama. Nililitia saini tamko hilo huku nikilijua bomba. Baadaye, mbele ya mawakili, kila moja ya saini hizo ilisomwa taratibu, na tarehe yake.

Mnunuzi alikuwa kijana mpole, rubani wa kutosha, aliyezoea ndege za mabawa ya juu. Aliuliza swali lililonipa nafasi ya kujiokoa. "Naanza na tenki lipi?" Nikamjibu, "Yote kwa pamoja, haina usumbufu." Alifurahi. Mtu anayeijua aina hii ya ndege angekunja uso papo hapo. Fundi aliyemleta aitazame alikagua injini kwa makini na sakafu hakuifungua. Nilimpa mnunuzi hati ya kuachilia madai niliyoinakili mahali, akatia saini kila ukurasa. Nikakabidhi madaftari, nikapokea hundi, nikaifuta bima yangu jioni ileile ili nisilipe siku ya ziada.

Ajali ilitokea mwishoni mwa kiangazi. Alikuwa na shemeji yake. Matenki hayakuwa yamepungua sawia. Hayapungui sawia katika mfumo kama ule, tofauti ndogo tu ya hewa kwenye matundu ya kupumulia inatosha kulifanya moja liwahi. Akiwa anakunja kona kuja kutua, injini ilizima. Alitua kwenye shamba la soya, gurudumu la mbele likavunjika, ndege ikapinduka. Yeye alivunjika mkono. Shemeji yake alivunjika pingili ya uti wa mgongo, akafanyiwa upasuaji, na kwa muda mrefu hakujulikana kama atatembea vizuri. Anatembea, lakini si vizuri. Tenki moja lilikuwa kavu. Katika lile la pili walikuta mafuta ya kuruka zaidi ya saa nzima.

Aliyenishtaki ni yule abiria, na ndipo nilipoanza kuielewa dhima kama namna ya mitambo. Bima ya mnunuzi ilikuwa ya kawaida kabisa kwa ndege ndogo za Marekani: dola milioni moja kwa tukio, lakini zisizidi laki moja kwa kila abiria. Laki moja, kwa mtu aliyelala hospitali ya Marekani na chuma mgongoni, inaisha kabla hajaanza mazoezi. Lazima wakili wake atafute mfuko mwingine. Akasoma kibao. Hati ya kuachilia madai haikumhusu hata kidogo. Aliyetia saini ni shemeji yake, na mtu hawezi kusamehe haki isiyo yake. Bima yangu, hata kama nisingeifuta, ilikuwa ya mwenye ndege anayeirusha. Dhima ya mtengenezaji kwa chombo kilichokwisha kuuzwa ilikuwa nje ya mkataba ule tangu mwanzo.

Nilikuwa na ngao nyingine, au hivyo nilidhani. Kwa ushauri wa watu wa uwanjani nilikuwa nimefungua kampuni ndogo yenye dhima ya kikomo, na ndege ilikuwa mali ya kampuni. Wakili wangu alicheka, kwa adabu lakini alicheka. Akanieleza kwamba kampuni humkinga mwenye hisa na madeni ya kampuni. Haimkingi mtu na uzembe wa mikono yake mwenyewe. "Kampuni ilikata bomba?" aliniuliza.

Wadaiwa tulikuwa mimi, mnunuzi, kampuni ya masanduku na duka lililouza vali. Kampuni ilitoka mapema, na ilitoka kwa kunikanyaga. Walileta ramani: kulia, kushoto, kufunga. Walileta ile aya ya onyo. Wakasema, na walikuwa na haki, kwamba kilichoanguka shambani si ndege waliyoisanifu. Ningeifuata ramani, halafu mfumo wa mafuta ukashindwa kwa kosa lao, tungesimama upande mmoja. Kwa kuikata ramani nilikuwa nimejikatia na mwenzi wa kubeba mzigo. Isitoshe wakatoa mkataba niliotia saini siku ya kuagiza masanduku, wenye kifungu kwamba wakishtakiwa kwa sababu ya ndege yangu, gharama zao nitazibeba mimi. Sikuwahi kukisoma. Nani husoma, akiwa Oshkosh, na jua lile, na ndege zikipita juu ya kichwa?

Usiku wa zamu nilianza kusoma sheria kama nilivyokuwa nikisoma miongozo ya mashine. Nilikutana na sheria ya mwaka 1994, iliyotiwa saini na Rais Clinton, inayowakinga watengenezaji wa ndege ndogo na mashtaka baada ya miaka 18. Ilitungwa kwa sababu kesi zilikuwa zimekaribia kuiua biashara. Cessna waliacha kuunda ndege zao za injini moja ya pistoni mwaka 1986 na hawakurudi mpaka sheria ilipopita. Nilifurahi kwa dakika chache. Ndege yangu haikuwa na umri wowote wa kutajwa, na hata katika ndege nzee kipande kipya huanza kuhesabiwa miaka 18 yake chenyewe. Nilisoma pia kuhusu Burt Rutan, msanifu aliyewafundisha maelfu ya watu kuunda ndege za povu na nyuzi za kioo, aliyeacha kuuza ramani zake mwaka 1985. Hofu ya kushtakiwa kwa ndege zilizoundwa na mikono ya watu wengine ilikuwa miongoni mwa sababu. Nilipokuwa muundaji ningemwita mwoga.

Moja ya ndege za Rutan, Long-EZ, ndiyo iliyomuua mwimbaji John Denver, tarehe 12 Oktoba 1997, kwenye ghuba ya Monterey huko California. Kisa hicho nilikuwa nakijua kama kila mtu anavyokijua. Ripoti ya bodi ya usalama wa usafiri, NTSB, sikuwa nimeisoma. Ramani ya Rutan inaiweka vali ya kuchagulia tenki mbele, katikati ya miguu ya rubani. Muundaji wa ndege ile, ambaye si Denver, hakutaka mafuta yapite ndani ya chumba cha rubani. Akaihamishia nyuma ya bega la kushoto. Wazo zuri la mtu mwangalifu, ukilitazama peke yake. Lakini ili kuifikia, rubani alipaswa kuachia usukani, ageuke nyuma na kunyoosha mkono wa kulia juu ya bega la kushoto, na mtu akijipinda hivyo mguu wake hutafuta mahali pa kuegemea, nao hukanyaga pedali. Nafasi za vali hazikuwa na alama. Vipimo vya mafuta navyo vilikuwa nyuma ya rubani. Fundi alimpa Denver kioo kidogo cha kuvitazamia. Walijaribu hata kuuongeza urefu mpini wa vali kwa koleo, haikusaidia. Denver alikuwa ameinunua ndege muda mfupi tu kabla ya ajali. Hakuongeza mafuta, akasema anaruka kama saa moja.

Bodi iliweka lawama mahali pengi: rubani alivutwa mawazo na vali akakanyaga pedali bila kukusudia, alijiandaa vibaya, hakuwa na mazoezi ya kutosha na aina ile. Lakini uamuzi wa muundaji wa kuiweka vali isiyo na alama mahali pagumu kufikiwa umeandikwa pale kama sababu iliyochangia. Familia iliwashtaki watengenezaji na wauzaji wa vali, wakamalizana nje ya mahakama.

Nilisoma ripoti ile mara nyingi kuliko nilivyosoma nyaraka zangu mwenyewe. Yule muundaji hakuwa mzembe, nadhani. Alikuwa na hofu moja akaitibu, akazaa nyingine mahali asipotazama. Tofauti yetu ni kwamba badiliko lake lilionekana. Denver alikaa ndani yake, akaliona, akalizungumza na fundi, akachagua kuruka. Langu nililifunika kwa sakafu na kwa sentensi ya tangazo.

Kuna jambo la ajabu katika sheria ya Marekani ambalo mwanzoni lilinipa matumaini ya kijinga: ripoti ya bodi ya usalama kuhusu chanzo cha ajali hairuhusiwi kuwa ushahidi katika kesi ya fidia. Nikawaza, basi hawatajua. Lakini ukweli uliokusanywa na wachunguzi unatumika, picha za mabaki zinatumika, na mdai huleta mtaalamu wake anayesema yaleyale kwa maneno yake. Mtaalamu wa mdai katika kesi yangu alileta kile kiungo cha njia tatu kwenye mfuko wa plastiki, akakiweka mezani kati yetu.

Nafika sasa mahali ambapo ningependa kuparuka.

Wiki ya ajali, kabla ya barua yoyote ya wakili, nilifungua kompyuta nikafuta picha za kazi ya bomba. Waundaji wote hupiga picha kila hatua, ndizo zinazomwonyesha mkaguzi kwamba kazi ni yako. Nilizichagua zile tu, nikazifuta, nikamwaga na pipa la taka. Nilikuwa nimeambiwa na mnunuzi mwenyewe kwamba shemeji yake yuko chumba cha upasuaji. Nilikata simu, nikaenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Si kwamba sikumwombea, nilimwombea baadaye.

Nilichosahau ni kwamba siku nilipoimaliza kazi ile nilikuwa nimejisifu. Nina rafiki wa Mombasa, rubani, tuliyefahamiana humuhumu ughaibuni. Nilimtumia picha kwenye simu, na chini yake nikaandika: "Tazama kaka, sasa sihangaiki tena na vali." Akajibu: "Safi. Na tenki moja likikauka?" Nikamjibu: "Kwani mimi mtoto?" Wakili wa mdai aliyapata mazungumzo yote, akaajiri mkalimani wa Kiswahili. Katika chumba cha mahojiano ya kiapo, mama mmoja wa makamo, kwa lafudhi ya pwani iliyonikumbusha shangazi zangu, alisoma swali la rafiki yangu na jibu langu, kwanza kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza. Hakuniangalia. Kisha nikaulizwa kwa nini picha iliyo kwenye simu ya rafiki haimo kwenye kompyuta yangu.

Wakili wangu aliomba mapumziko. Ukumbini alinieleza, bila kucheka safari hii, kwamba anayeharibu ushahidi akijua kesi inakuja anaweza kumfanya hakimu awaruhusu wazee wa baraza wadhanie kuwa kilichoharibiwa kilikuwa kibaya kwake. Kabla ya hapo tulikuwa na hoja. Mnunuzi hakukagua sakafu. Mnunuzi aliruka na mafuta machache tenki moja. Katika majimbo mengi lawama hugawanywa kwa asilimia, na mnunuzi angebeba yake. Baada ya hapo hakuna mtu angesikiliza asilimia. Jambo lilikuwa limeacha kuwa uzembe wa fundi. Lilikuwa tabia ya mtu aliyejua, akaonywa, akaficha, akauza, akafuta. Tulianza kuzungumza kumalizana juma lililofuata.

Fedha zilitoka kwenye akiba ya uzeeni, kwenye mkopo juu ya nyumba, na kwenye kiwanja cha Pongwe. Hicho kiwanja nilikuwa nimekabidhi kwa baba mdogo akitunze, kwa hiyo ilibidi nimpigie.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti hivyo?"

Nikamweleza nataka kukiuza. Akanyamaza. Nikamweleza na sababu, ndege, bomba, yule mtu wa watu. Akanyamaza tena, halafu akauliza swali ambalo mawakili wote hawakuliuliza: "Ulikuwa na ndege?" Mama alikuwa amemwonyesha mtu mmoja mmoja ile picha ya kibao, lakini yeye hakuwa na habari. Aliuza kiwanja kwa bei nzuri kuliko nilivyotegemea, akakata nauli zake, akanitumia risiti ya kila kitu. Mke wangu aliichukua risiti ile akaibandika kwenye friji bila kusema neno, na iko pale.

Kwa yule abiria nilikatazwa kuomba radhi muda wote wa kesi. Kila neno lingekuwa kukiri. Baada ya kutia saini nilimwandikia barua. Wakili wake alinijulisha kwamba imefika.

Kwa kampuni ya masanduku mambo yaliisha kwa namna nisiyoitarajia. Walikuwa na haki ya kunidai gharama zao kwa kile kifungu. Walikubali kuachana nazo kwa sharti moja: niwachoree mfumo wangu kama ulivyokuwa, vipimo vyote, na niwaandikie kwa nini niliutengeneza. Hawakutaka kujua kama najuta. Walitaka kujua nilivyofikiri, kwa sababu, walisema, nilikuwa mmoja wa wengi waliowahi kuwauliza au kujaribu. Nilichora kwa siku za mapumziko, na picha nikaomba kwa rafiki yangu wa Mombasa, kwani ndiye pekee aliyebaki nazo. Toleo jipya la mwongozo lina mchoro wangu katika sura ya mafuta, umekatwa kwa mstari mwekundu, na maelezo chini yake ni marefu kuliko ile aya niliyoidharau. Niliwaambia wakitaka waweke na jina langu. Wakajibu kwamba wakili wao hataki.